Mavyaa ananipakulia kwa mapenzi, nami sitakiwi kula

Bi Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Nina miaka 28, na huu ni mwaka wa tatu tangu niolewe. Tunaishi kwa wazazi wa mume wangu. Shaabani ishaingia, na bado sijui nitafuturu vipi bila kumuumiza mtu ninayempenda.

Tangu usichana siku zangu hazina mpango. Mwaka juzi niliziona mara nne tu, mwaka mzima. Nikaota ndevu kidevuni, kila Ijumaa najifungia chooni kuzing'oa kwa kibano, na shingo ikaingia weusi kama iliyopakwa masizi. Nilidhani ni uchafu. Nimeisugua kwa ndimu na dodoki mpaka ikachubuka, na weusi ukabaki palepale.

Mwaka jana nikavuka kwenda Unguja, nikapimwa damu na kupigwa ultrasaundi. Daktari akaniambia nina hali wanayoiita PCOS. Niliposikia kuna vifuko vingi kwenye ovari nikaanza kulia, nikijua ni uvimbe na nitapasuliwa. Akachukua karatasi akanichorea: si uvimbe, ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Mwili wangu, akasema, hauitikii sawasawa insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu, hivyo hutoa nyingi zaidi, na hiyo nyingi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndizo zinazootesha ndevu na kulizuia yai lisikomae. Hata ule weusi wa shingoni ni alama ya insulini hiyohiyo. Nilijishika shingo palepale kwenye kiti. Akanionya pia nisikae zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, kwani ukuta wa kizazi huzidi unene na baada ya miaka unaweza kuzaa saratani. Hili naliandika kwa ajili ya wasichana wanaofurahi wasipoziona siku zao, kama nilivyokuwa mimi.

Nilikuwa na kilo 84. Aliniambia nikipunguza hata asilimia 5 tu, huenda siku zikarudi, na nisihangaike kutafuta vyakula vya ajabu, kwani hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda mingine. Nipunguze wanga na sukari, nizidishe mboga, kunde na samaki, nitembee angalau dakika 150 kwa wiki. Akaniandikia na vidonge vya metfomini, vya kuusaidia mwili uitikie insulini.

Kutembea nimekuweza. Tukishasali alfajiri natoka na mwalimu mwenzangu, baibui na raba, mpaka jua lichomoze. Siku za mwanzo kila tuliyepishana naye alituuliza msiba uko wapi, sasa wametuzoea. Nimefika kilo 79. Katika miezi mitano iliyopita nimeziona siku zangu mara nne, na kila mara nimesujudu kumshukuru Mungu.

Kinachonishinda ni sinia. Tunakula pamoja mimi, mavyaa na wifi zangu wawili. Mama akishafunua kawa, huuchota kwa mkono wake ule wali wa juu uliokunywa tui zito, akausogeza upande wangu. Kisha humpasua samaki, akatoa miiba mmoja mmoja, minofu akaniwekea juu ya wali. Yeye hubaki na kichwa. "Kula mwanangu, mtoto haji kwenye tumbo la njaa." Chai hunitilia mwenyewe, vijiko vinne vya sukari. Bi Mshauri, mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Kabla ya huyu, hakuna mtu aliyewahi kunitolea miiba. Nitaurudishaje ule wali?

Nimejaribu kula polepole. Maandazi nayatia mkobani nikawape watoto skuli. Lakini nilipopungua, majirani wakaanza kumuuliza kama naumwa au mwanawe ananitesa, naye akazidi kunipakulia. Mwezi uliopita akakiona kipande cha vidonge mezani. Anavijua; marehemu dada yake alikuwa akivitumia kwa ugonjwa wa sukari, mpaka akakatwa mguu. Akaniuliza, nikamjibu ni vya tumbo. Alinitazama, hakusema kitu. Tangu siku hiyo namsikia usiku akiomba dua, na jina langu limo.

Mume wangu anajua kila kitu na yuko pamoja nami. Yeye anaona tutenge jiko. Lakini kwetu, kutenga jiko ndani ya nyumba moja kila mtu atasema tumegombana, na mavyaa hajanikosea lolote. Anasema basi amueleze yeye. Naona mambo ya kizazi hayapendezi kumfikia mama kwa mdomo wa mwanawe wa kiume. Nimemfikiria somo wangu, aliyenifunda, ila nachelea habari ikifika kwa mawifi itageuka kuwa mimi ni tasa, ilhali daktari ameniambia wengi wenye hali hii huzaa, wengine kwa msaada wa dawa.

Na sasa inakuja futari: muhogo wa nazi, ndizi mbivu, tambi za sukari, mkate wa kumimina, vyote kwa pamoja na mama yuko mbele yangu. Kuhusu vidonge na saumu nitarudi kwa daktari kabla ya mwezi kuandama. Hilo la mama ndilo sina pa kulipeleka.

Nimwambie mwenyewe? Na nikimwambia, nianze na ule uongo wa vidonge au nianze na ugonjwa? Na nyinyi mnaoishi kwa mavyaa zenu mkiwa na hali kama yangu, mlipopunguza wali kwenye sinia mlitumia maneno gani? Naomba niandikieni kama mlivyoyasema.

Mwalimu, Wete