Hospitali rafiki kwa walemavu siyo njia ya kiti mwendo tu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Kila hospitali mpya ikizinduliwa tunaambiwa imezingatia watu wenye ulemavu, ukienda unakuta njia ya mteremko ya kupitisha kiti mwendo na choo kimoja kipana, basi. Sikatai, wanaovihitaji wamevisubiri sana, na vyoo vingine hadi leo vinapigwa kufuli vinakuwa stoo ya mafagio. Ila kijana wangu anatembea vizuri tu, tena kwa mbio anakushinda. Ana ulemavu wa akili toka kuzaliwa, na kinachomkwamisha hospitali siyo ngazi, ni foleni, ni kelele, ni dokta anayemuuliza "unasumbuliwa na nini" huku anaandika, hajainua hata macho.

Kuna kipindi alianza kujipiga kofi shavuni, chakula hataki, usiku halali. Tukaenda hospitali moja hapa Dar, siitaji. Toka asubuhi tupo benchi, kila spika ikiita majina anaziba masikio anapiga ukelele, watu wanatukodolea macho, kuna mama akahama kabisa na pochi yake. Zamu yetu ikafika, nikaanza kueleza, dokta akanikatisha, "mama, hawa ndivyo walivyo," akaandika dawa ya kumtuliza. Hajamfungua hata mdomo! Tukarudi nyumbani kijana anasinzia mchana kutwa na shavu linazidi kuvimba, mpaka tulipompata daktari wa meno mmoja, binti mdogo tu, akakaa naye chini, akamwachia kile kioo cha kuangalizia achezee mpaka akakizoea, ndo akachungulia. Jino la nyuma limeoza na usaha juu.

Mgonjwa wa namna hii kila anachofanya kinasingiziwa akili, na ugonjwa wenyewe unapata muda wa kumla. Mdogo wangu yuko Uingereza anafanya kazi kwenye nyumba za kuwatunza watu hawa, ndo akanipa habari za huko. Uchunguzi uliotoka England 2013 ulikuta wanaume wenye ulemavu huu wanakufa kwa wastani miaka 13 mapema kuliko wengine, wanawake miaka 20, na tatizo kubwa lilikuwa kuchelewa kugundulika ugonjwa au kutibiwa. Hao ndo wenye mashine zote! Kuna kijana wao, Oliver McGowan, alifariki 2016 akiwa na miaka 18 baada ya kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walishasema asipewe. Mama yake hakunyamaza, na 2022 sheria ikataka watumishi wa afya wapewe mafunzo ya kuhudumia watu hawa. Wana pia uchunguzi wa afya kila mwaka kuanzia miaka 14, mtu hasubiri mpaka aumwe, na karatasi anayokwenda nayo hospitali inayosema anaongeaje, anaogopa nini, akiumwa anafanyaje.

Karatasi jamani. Hiyo nayo tusubiri mfadhili? Kijana wangu akishika sikio ujue tumbo linauma, anayejua hilo ni mimi tu na dada yake, nikifa leo halipo kwenye faili lolote. Na mimi mwenyewe siku aliyolazwa nilitolewa wodini na mlinzi eti muda wa kuona wagonjwa umeisha, wakati hali chakula cha mtu mwingine na sindano hakubali mpaka nimshike mkono. Usiku manesi wakamfunga kitandani kwa shuka. Siwalaumu sana, alikuwa nesi mmoja na wodi nzima, lakini mtu wa kumsaidia si walimfukuza wenyewe?

Kubadilisha utaratibu tunaweza tukitaka. Mabango ya "mpishe mzee apate huduma kwanza" yapo kila mahali, wazee wana dirisha lao, na watu walizoea. Basi na hawa wapewe miadi ya mapema kabla spika hazijaanza, dokta aongezewe muda, mlezi aruhusiwe kulala wodini. Wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa 2024, wanapita majumbani, wafundishwe kuwatambua hawa watu maana wengi wamefungiwa vyumba vya uani, na mara moja kwa mwaka wawafikishe kituo cha afya waangaliwe meno, masikio, macho, presha. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo toka 2010, bima ya afya kwa wote imepitishwa bungeni 2023, sasa kadi ya bima itamsaidia nini mtu ambaye dokta hajamfungua mdomo?

Watasema watumishi hawatoshi, na ni kweli. Ila kumpa dawa ya usingizi mtu mwenye jino bovu kisha arudi wiki ijayo na uso umevimba, hapo muda umeokolewa wapi?

Kama kuna mganga mkuu wa wilaya anasoma hapa na yuko tayari kujaribu hata kwenye kituo kimoja, sisi wazazi tupo, tutakuja kukaa na manesi wake tuwaelekeze bure, nauli juu yetu.

Mama wa kijana,
Tabata, Dar es Salaam