Mnaanza na imeli wakati direktori imelala?

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Juzi seva zetu mbili zilikufa usiku mmoja, ile ya Active Directory inayotunza majina na paswedi za watu wote na ile ya Exchange ya imeli, jamaa wa IT akaanza na imeli kwa sababu ndo mabosi walikuwa wanaipigia kelele, akahangaika mpaka asubuhi bila kitu. Jamani, mipangilio ya Exchange karibu yote inakaa ndani ya Active Directory! Direktori ndo inaamka kwanza, halafu unaandaa seva mpya kwa jina lilelile la zamani, unariseti akaunti yake iliyomo kwenye direktori (usiifute), unaiingiza seva kwenye domeini (mtandao unaosimamiwa na hiyo direktori), unaendesha setapu ya Exchange kwa RecoverServer, ile njia ya kufufua seva iliyokufa, mwisho ndo unarudisha databesi ya imeli.

Kilichotuchosha zaidi ni paswedi ya DSRM, ile ya kuingilia wakati direktori imezimwa. Iliwekwa siku seva inaanza kazi na aliyeiweka alishaondoka zamani, tukaja kuikuta kwenye kikaratasi kimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva, wino umeshafifia, tunabishana ile ni sifuri au O.

Na bekapu ya direktori kwa kawaida ikipitisha siku 180 haifai tena, yetu ilikuwa na 171. Halafu nyie mnaokimbilia eseutil /p (amri ya kukarabati databesi ya Exchange kwa nguvu) databesi ikigoma, hiyo inafuta kurasa mbovu pamoja na imeli zilizomo, kama logi, yaani faili za kumbukumbu za mabadiliko ya databesi, zipo, jaribuni eseutil /r inayozitumia kuirudisha sawa kwanza.

Msomaji wenu