Jicho jeupe la mtoto sio la kupewa matone

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kooni mwaka mzima.

Sikukuu ya mwaka juzi tulikuwa Marangu kwa bibi, usiku tukapiga picha na simu, flashi ikawaka, baadae nazipitia naona mtoto wa dada yangu, miaka miwili, jicho moja lina ile doti nyekundu kama wenzake na jingine jeupe pee kama la paka. Bibi akasema simu yenu mbovu. Dada akaenda zahanati akapewa matone, akarudi akapewa matone tena, miezi mitatu ikapita mpaka jicho likaanza kwenda upande, ndio tukaenda hospitali kubwa tukaambiwa ni retinoblastoma, yaani saratani ya jicho ya watoto, na jicho litolewe. Kuna ndugu walitaka tumtoroshe mtoto twende kwenye mitishamba na siwalaumu, nani anakubali kirahisi mwanae atolewe jicho? Tulikubali kwa machozi, leo ana jicho la bandia na anakimbia uani.

Ugonjwa wenyewe ni adimu, kama mtoto mmoja kwenye watoto 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa, muuguzi anaweza kustaafu hajauona. Ndio maana mimi sikubaliani na wanaotaka kila mkoa uwe na bingwa wake wa saratani ya macho. Atapata wagonjwa wangapi? Mkono usiofanya kazi unasahau. Mabingwa wakae sehemu moja au mbili, wagonjwa wote waende huko.

Tuangalie Yordani, nchi ndogo tu. Mwaka 2003 hospitali ya saratani ya King Hussein pale Amman ilianza kushirikiana na hospitali ya watoto ya St. Jude ya Memphis, Marekani, wakawa wanajadili mtoto mmoja mmoja kwa video, picha za macho wanazo pande zote mbili, na polepole madaktari wa Yordani wenyewe wakaanza kuokoa macho ambayo zamani yangetolewa. Kwenye nchi tajiri, zaidi ya asilimia 95 ya watoto hawa wanapona.

Sisi Moshi tuna hospitali ya rufaa ya KCMC, ina idara ya macho na kituo cha saratani, kwa hiyo hatuanzii sifuri. Mimi nalilia huku chini, kwenye zahanati. Siku ya chanjo na kupima uzito muuguzi azime taa, amulike macho yote mawili, dakika moja tu, akiona weupe aandike rufaa siku hiyo hiyo, na mama anayetoka Rombo au Same asaidiwe nauli na pa kulala maana matibabu ni ya miezi sio siku.

Na mwenye mtoto mwenye ugonjwa huu awapeleke hospitali na wadogo wa mtoto huyo, maana unaweza kurithiwa. Dada amejifungua mwezi wa nne. Huyo tulimpeleka akamulikwa macho akiwa na wiki tatu, na tutaendelea kumpeleka kila tutakapopangiwa tarehe.

Mjomba mtu,
Majengo, Moshi