Usiku nilipowaombea Malodi

London, 28 Aprili 2024

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila baridi haijatuachia. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani. Nisamehe. Pole ya yule mwenzetu wa Makorora nitaituma mwisho wa mwezi, mwambie shemeji asikope.

Kilichonikalisha kuandika ni ule ubishi wetu. Uliniuliza: hao Malodi, wajumbe wa baraza la juu la Bunge la Uingereza, wanamwakilisha nani? Na kweli hakuna aliyewapigia kura. Wengi wameteuliwa maisha, maaskofu 26 wana viti vyao, wachache walirithi kwa baba zao. Miaka yote nilikuwa upande wako. Lakini Jumatatu usiku nilishika simu mpaka macho yakauma, nikiomba wazee hao wasichoke.

Ni ule muswada wa Rwanda. Mwaka jana Novemba Mahakama ya Juu ilisema si salama kuwapeleka huko waomba hifadhi. Serikali ikatunga sheria ya kutamka kuwa ni salama! Wabunge wakapitisha, Malodi wakaurudisha. Walitaka Waafghani waliofanya kazi na jeshi la Uingereza wasipelekwe, na Rwanda isihesabiwe salama mpaka kamati huru ithibitishe. Wabunge wakafuta, Malodi wakarudisha, wakafuta tena. Kwa Waafghani serikali ikatoa ahadi. Lililobaki, la kamati, usiku ule Malodi wakaliachia, muswada ukapita.

Nikalia, shoga. Pale tunaposali kuna kijana wa Kisudani. Barua yake ya uhamiaji ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki, huitoa kila Ijumaa nimsomee upya, kama vile maneno yatakuwa yamebadilika. Mpaka leo sijajua nimwambie nini. Na alfajiri ya Jumanne, saa chache tu baada ya kura, watu 5 wakafa wakijaribu kuvuka bahari kutoka Ufaransa, mmoja mtoto wa kike wa miaka 7.

Miongoni mwa Malodi hao yumo Lodi Alf Dubs. Mwaka 1939 alitolewa Prague kwa treni ya kuwaokoa watoto kutoka kwa Wanazi, ana miaka 6. Mwaka 2016 alipigania kipengele cha kuwaleta watoto wakimbizi wasio na wazazi, serikali ikakubali, kisha ikafunga mlango kwenye watoto 480. Mtu kama huyo angeomba kura leo kwa kusema wakimbizi waje, angeipata? Ndiyo maana nasema hawana hofu ya uchaguzi, wanasema yaliyomo moyoni. Ila narudi kwenye swali lako, maana ndilo lililowafunga mikono. Sheria za 1911 na 1949 zimewaachia uwezo wa kuchelewesha muswada kiasi cha mwaka mmoja, na hata huo wanaona haya kuutumia. Mbunge akisimama akasema "sisi tumechaguliwa", watajibu nini? Wananyamaza.

Nakasirika nao, kisha nawahurumia, kisha nakasirika tena.

Ungekuwa wewe, ungewafuta? Ungeweka nani pale, wa kuchaguliwa wote? Si wangekuwa na hofu ile ile ya wenzao? Mjomba bado anasema nchi haihitaji mabunge mawili? Na yule binti, ada imelipwa? Mama anakunywa dawa au anazificha? Nijibu upesi, na Ijumaa ukinikumbuka, muombee yule kijana.

Wako,
somo yako wa barabara ya kumi na mbili