Taarifa ya mwenyekiti kwa wamiliki, mwaka 2024: geti, lifti na hii LUKU ya maji

Ndugu wamiliki na wapangaji, habari za majukumu. Hii taarifa nilitakiwa niisome kwenye mkutano mkuu wa mwezi wa kwanza ila siku hiyo tulifika watu 9 kwenye jengo lenye nyumba 32, na kati ya hao 9 watano ni kamati yenyewe, sasa nikiwasomea kamati si najisomea mwenyewe, ndio maana naileta kwa maandishi.

Ya kawaida nayapitisha haraka maana mnayaona. Lifti imefanyiwa sevisi, jenereta limebadilishwa betri, kamera zote zinafanya kazi, ile ya parking ilikufa na mvua za Aprili ikarudishwa. Wageni wanaingia kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mwenyeji badala ya lile daftari la getini ambalo watu walikuwa wanajiandika majina ya wachezaji wa Simba na Yanga. Taka zinachukuliwa. Malipo yote yanaingia kwenye lipa namba ya umoja wetu wa wamiliki, sio kwenye simu ya mhazini wala ya kwangu, na hili naomba likumbukwe kwamba ni mimi nililipigania wakati wengine wanasema tutakatwa makato.

Hela: ada ni 80,000 kwa mwezi kwa nyumba, kwa hiyo mwaka mzima tulitegemea 30,720,000, zimeingia 21,450,000, pengo ni 9,270,000, ukijumlisha na madeni ya nyuma ya 6,100,000 tunadaiana 15,370,000. Wamiliki wetu walioko Muscat na London wamelipa wote, tena mapema. Wanaodaiwa ni watu tunaopishana nao kwenye ngazi.

Sasa tuje kwenye maji, maana najua ndicho mnachosubiri.

Kabla ya mwezi wa nane tulikuwa na mita moja tu ya mamlaka ya maji pale getini, bili inakuja tunagawa kwa 32. Kijana anayeishi peke yake ghorofa ya nne analipa sawa na familia ya watu tisa yenye mashine ya kufulia, na sawa na yule anayeosha magari matatu kila Jumapili. Kila mwezi ugomvi. Na mgao wa maji wa mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua, tuliponunua maboza, nani alilipa kwa hiari? Niachie hapo.

Kamati ikaamua kufunga mita ya malipo ya kabla kwa kila nyumba, ndiyo hii LUKU ya maji, unanunua tokeni kwanza kama ya umeme. Bahati nzuri jengo letu kila nyumba ina bomba lake moja linaloshuka kutoka tenki la juu, kwa hiyo fundi hakuvunja ukuta. Mita 32 kwa 185,000 ni 5,920,000, ufundi na vifaa 2,300,000, na kile kifaa cha darini kinachopokea usomaji wa mita na kuutuma kwa intaneti 420,000. Jumla 8,640,000. Zimetoka kwenye mfuko wa rangi ya jengo uliokuwa na 11,000,000, zimebaki 2,360,000.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Oo mwenyekiti kala hela ya rangi, oo nani alimruhusu. Jamani, niliitisha mkutano wa kwanza, akidi haikutimia. Nikaitisha wa pili kwa Zoom ili hata walio safarini waingie, waliingia 14, nusu yao wamejiita "iPhone" na "Samsung", kamera zimezimwa, kuna mtu alikuwa anakaanga vitu mpaka mwisho na hakuzima maiki. Nikaweka kura kwenye WhatsApp, 13 wakasema ndiyo, 4 hapana, waliobaki wamesoma maana tiki za bluu naziona, wakanyamaza. Leo walionyamaza ndio wanaosema hawakushirikishwa. Mimi nilifuata walioongea, ningefanya nini kingine? Rangi ikichubuka jengo linaonekana baya, maji yakikatwa getini tunanuka wote.

La pili lililowakera zaidi ni makato. Ndiyo, mwenye deni la ada akinunua tokeni ya maji mfumo unakata asilimia 30 kupunguza deni, ukinunua ya elfu kumi unapata maji ya elfu saba. Nimeitwa majina mengi kwa hili. Lakini mbona kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU ya umeme tangu 2021 na hakuna aliyeniletea barua? Hatujamfungia mtu koki. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inautambua umoja wa wamiliki na michango yao, sio kitu nimekitunga sebuleni kwangu. Na tangu Agosti makato hayo peke yake yamerudisha 3,280,000, hela ambayo barua zangu za miaka miwili hazikuweza kurudisha hata robo yake.

Tena nilihakikisha mita zimewekwa zisifunge kati ya saa 12 jioni na saa 2 asubuhi hata kama yuniti zimeisha, unakopeshwa halafu inakatwa ukinunua, ili mtu asikutwe na sabuni kichwani usiku. Hili nalo nililisimamia mimi, fundi hakuwa amelifikiria.

Wanaosema mita inasoma upepo: upepo unasukumwa kwenye bomba kuu maji yanaporudi baada ya kukatika, huko kweli mita inaweza kuzunguka bila maji. Zetu ziko chini ya tenki la juu, maji yanashuka kwa uzito wake, tenki lisipokauka hakuna upepo wa kuhesabu. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 zile za lita 20. Ikiisha haraka angalia choo kwanza: tia rangi ya chakula kidogo kwenye tanki la choo, usiflashi, subiri nusu saa, rangi ikitokea kwenye bakuli ujue ile raba ya chini imekwisha. Nyumba tatu wamejaribu wakakuta ni hiyo, mmoja wao alikuwa ameshaniandikia meseji ndefu ya matusi.

Na kuna faida ambayo hakuna mtu anaitaja. Tulipojumlisha mita 32 tukalinganisha na ile ya getini kulikuwa na pengo la yuniti 60 na kitu kwa mwezi. Usiku mmoja saa nane mimi, mlinzi na fundi tulishuka na tochi, nyumba zote kimya, hakuna pampu inayowaka, na mita ya getini ile nyota yake nyekundu bado inazunguka taratibu. Tukafuata, kumbe floti ya tenki la chini, lile boya la kufunga maji tenki likijaa, haifungi, maji yanatokea bomba la kumwaga ya ziada yanaingia mtaroni nyuma ya jenereta, miaka sijui mingapi. Floti mpya elfu thelathini na tano.

Kuhusu ile orodha ya wadaiwa niliyoibandika kwenye lifti, mwenzetu mwanasheria aliniambia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inanibana, imeanza kutumika Mei 2023, sawa, nikaibandua siku hiyohiyo. Sasa kila mtu anapata salio lake kwa meseji, na wanaosema hawapati wamebadilisha namba hawajasema.

Mbele ya safari tunafikiria sola ya taa za ngazi, na rangi pia ipo, tukijaliwa, ikitegemea ada zinavyoingia. Aplikesheni ya kupigia kura tumeisikia, bado tunaulizia bei.

Uchaguzi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa 10 jioni, parking. Fomu ziko kwa mhazini. Kwa katiba yetu mwenye deni la zaidi ya miezi mitatu hapigi kura wala hagombei, na hiyo katiba niliikuta. Anayetaka kiti changu aje, nitamkabidhi na nywila za mfumo pamoja na namba ya fundi anayepokea simu usiku.