Mnyororo wa baiskeli si uzi wa zeze

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwaambie wenzangu waendeshao baiskeli za milimani zenye gia moja kwamba wengi wetu, mafundi wakiwemo, tunakosea tunapokaza mnyororo mpaka usicheze hata kidogo.

Ni kweli kwamba baiskeli hizi nyingi hazina kile kifaa cha nyuma chenye springi ambacho kwenye baiskeli ya gia nyingi huvuta ulegevu wote, na kwamba mnyororo uliolegea huchomoka, aghalabu pale mtu anapohangaika na njia ya mawe. Kwa hofu hiyo fundi mmoja aliwahi kunikazia wangu ukawa kama uzi wa zeze. Nilipozungusha pedali kwa mkono zilikwenda vizuri nusu mzunguko, kisha zikagoma, mnyororo ukaguna, halafu zikaachia.

Gia ya mbele ni nadra kukaa katikati barabara, kwa hiyo katika kila mzunguko pana mahali mnyororo unapobana na mahali unapolegea. Anayeukaza ukiwa umelegea huzitwisha beringi za gurudumu na za pedali mzigo usio wao kila unapofika pale unapobana. Zungusha pedali polepole, tafuta panapobana kuliko pote, kisha usukume mnyororo kwa kidole juu na chini, katikati ya gia ya mbele na ya nyuma. Ukicheza kama milimita 10, acha hapo hapo.

Kwa fremu ambazo ekseli husogezwa mbele na nyuma, nati ya kulia ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa isipokazwa barabara nguvu ya miguu huvuta ekseli mbele upande wa mnyororo na tairi ikaanza kusugua fremu upande wa kushoto.

Iwapo ulegevu unarudi kila mara ingawa nati hazijasogea, pima mnyororo wenyewe. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, hivyo nafasi 24 za mnyororo mpya hazifiki milimita 305. Zikifika 307, umekwisha. Wapo wanaoukata na kuupunguza ili uendelee kutumika, jambo ambalo mimi siliafiki kabisa, kwani mnyororo huo unaendelea kula meno ya gia, na siku utakapovisha mpya juu ya meno yaliyochongoka, utaruka hata ukiwa umekazwa sawasawa.

Wako,
Msomaji mwendesha baiskeli