Barua kwa mdogo wangu asiyejua kusubiri

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie popote ulipo, na nadhani ulipo ni kwenye foleni fulani, simu mkononi, unahesabu vichwa vilivyo mbele yako. Nakuandikia hadharani kwa sababu ujumbe ninaokutumia huumalizi. Ukifika mstari wa tatu tayari umeshajibu.

Uliniuliza: "Siku saba? Kwa boti? Si ungepanda gari?" Nilikujibu palepale, tena vibaya, na tangu siku hiyo salamu zetu ni picha za kidole gumba tu. Jibu langu la pili ndilo hili. Limenichukua siku nne.

Usiogope, sikuletei methali. Ile ya haraka na baraka imetumika mpaka imekwisha ladha, na wanaoipenda zaidi ni wale waliochelewa kwa uzembe wao wenyewe.

Kwanza nikukubalie: gari lingetosha. Kutoka Castelnaudary hadi Béziers, kusini mwa Ufaransa, kwa barabara kuu hazifiki saa mbili. Sisi tulipita Canal du Midi, mfereji ulioamriwa kuchimbwa mwaka 1666 ili mizigo itoke Toulouse hadi Bahari ya Mediteranea bila kuizunguka Hispania. Una urefu wa kilomita 240, na mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa. Siku ya kwanza tulipitwa na bibi mmoja juu ya baiskeli. Mbele kidogo tukamkuta amekaa anapumzika, tukampita sisi. Baadaye akatupita tena, na safari hii akatucheka waziwazi.

Mwendo huo umewekwa kwa sababu. Boti ikikimbia huburuta wimbi nyuma yake, na wimbi hilo hula kingo za mfereji, udongo unaporomokea majini. Lakini hata ungekuwa baharini, boti ya aina ile isingekupa kasi unayoitaka. Chombo kinachopasua maji bila kuruka juu yake hutengeneza wimbi lake chenyewe, na kadiri kinavyoongeza mwendo wimbi hilo hurefuka mpaka linalingana na urefu wa chombo. Hapo kinakaa katikati kama mtu aliye ndani ya shimo alilolichimba. Kwa boti yenye mita 10 majini, kikomo ni kama kilomita 14 kwa saa. Ukikaza injini zaidi ya hapo, tezi, yaani nyuma ya chombo, inazama, omo, yaani mbele yake, inainuka, mafuta yanakwisha, na mahali ni palepale.

Sasa nikueleze usukani, maana hapa ndipo nilipokukumbuka.

Kuendesha boti za kukodi kwenye mfereji ule hakudai leseni. Unapewa maelezo mafupi, unakabidhiwa ufunguo, basi. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu ambaye ameapa harudi tena. Nikashika usukani. Nikaona omo inavutwa kushoto, nikazungusha kulia. Moja, mbili, tatu, hakuna kinachotokea. Nikaongeza. Ndipo boti ikaanza kugeuka, na ikageuka kwa yote niliyoipa, ya kwanza na ya nyongeza, tukawa tunaelekea kwenye mizizi ya miti upande wa pili. Nikarudisha kwa nguvu; yakawa yaleyale kwa upande mwingine. Breki hakuna. Unachoweza ni kurudisha injini nyuma na kungoja. Saa nzima tulikwenda kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake, mpaka nikaelewa kwamba boti ilikuwa imenisikia tangu mara ya kwanza. Ilikuwa bado inajibu tu.

Nilikaa kimya kidogo hapo, nikawaza ule ujumbe niliokuandikia.

Usidhani ilikuwa raha tupu. Siku ya pili ilinyesha tangu asubuhi, na nilichoka kuangalia maji. Nilipekua simu mara nyingi kuliko ninavyopekua nikiwa kazini. Wanaosifu maisha ya taratibu huiruka siku hii. Pia hawasemi kwamba kwenda taratibu kwa kupenda ni jambo la mwenye likizo. Waliopitisha mizigo kwenye mifereji kama ile, wakivutwa na farasi, walikuwa kazini, na sidhani kama walihisi utulivu wowote.

Lakini siku ya tatu kitu kililegea. Sikutafuta simu, na sikujua kama sikuitafuta mpaka jioni. Nilianza kuona miti. Kandokando ya mfereji imepandwa miti mikubwa, kivuli kimekutana juu kama paa, kisha ghafla unatokea kwenye jua kali, visiki pande zote mbili. Ni ugonjwa wa kuvu. Ulionekana huko mwaka 2006, hauna dawa, na miti imekatwa kwa maelfu. Tulipita kwenye jua lile kwa muda mrefu, kisha tukafika palipopandwa miche mipya, myembamba kama fimbo. Kwa gari ningepishana na yote hayo nikitafuta stesheni ya redio.

Kuna Mfaransa mmoja, Bernard Moitessier, ambaye mwaka 1968 aliingia katika mashindano ya kuizunguka dunia peke yake kwa tanga bila kutia nanga popote. Alikuwa na nafasi nzuri ya kuchukua zawadi ya mwendo wa kasi kuliko wote. Machi 1969, karibu na Cape Town, akarusha ujumbe kwa manati kwenye meli iliyokuwa ikipita: hageuzi omo kurudi Ulaya. Akaendelea mpaka Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Watu humfanya mtakatifu wa mambo haya. Mimi namwonea shaka. Alikuwa na mke aliyekuwa akimsubiri, na mtu anaweza kwenda polepole huku akimkimbia mwenzake. Sitaki kwenda polepole kwa namna hiyo.

Nimebakiza vyumba vya maji. Mfereji unapanda na kushuka, kwa hiyo umejengewa vyumba vya mawe vyenye milango mbele na nyuma. Unaingia, milango inafungwa, maji yanatolewa, unashuka taratibu kama uko ndani ya lifti isiyo na sakafu. Kuta zake zimepinda kama yai. Pierre-Paul Riquet, aliyeujenga, alianza na kuta zilizonyooka, moja ikaporomoka, akaona ukuta uliopinda huhimili vizuri zaidi msukumo wa udongo. Alikufa mwaka 1680, miezi michache kabla mfereji haujafunguliwa. Karibu na Béziers kuna ngazi ya vyumba kama hivyo vilivyoshikana, vinane katika ujenzi wake wa awali, inayokushusha zaidi ya mita 20.

Hapo ndipo tulipoponea chupuchupu. Mtu wa omo anashika kamba iliyopitishwa kwenye nguzo ya juu ya ukuta. Rafiki yangu, kwa kutaka mikono yake iwe huru apige picha, akaifunga fundo. Maji yakashuka, boti upande mmoja ikabaki pale. Nikasikia sahani zinateleza kabatini, kisha kamba ikaanza kulia, sauti kama ya mlango mkavu. Mlinzi wa milango akapiga kelele, akafunga maji, akatusubirisha mpaka chumba kikajaa tena ili fundo lilegee. Hakututukana. Alitutazama tu, na afadhali angetukana.

Mwakani nataka kurudi nimalizie kipande kilichobaki mpaka baharini. Usukani nimeshauzoea. Rafiki yangu haji, na boti ile haipiti kwenye vyumba vile na mtu mmoja. Njoo na glavu, kamba inachubua. Kazi yako itakuwa pale omo. Kamba huifungi. Unaishika mkononi, unaiachia kidogo kidogo kadiri maji yanavyoshuka, na macho yako yanabaki ukutani.

Usinijibu leo.

Dada yako